Harufu iko kwenye ngozi ya juu: jibu kwa muuza keki na juisi

*"Ninaoka keki na kuuza juisi za chupa mtaani kwetu. Mapishi mengi ninayoyaona yanasema niweke maganda ya limau yaliyokwaruzwa. Keki ya kwanza ilikuwa chungu. Ya pili niliweka kidogo kwa woga, haikunukia chochote. Kwenye juisi nilisaga ndimu nzima na maganda yake kwenye blenda. Asubuhi ilikuwa nzuri ajabu, jioni ikawa chungu na wateja wawili wakanirudishia chupa. Shangazi yangu anasema maganda yamejaa dawa za shambani, niachane nayo. Jirani anasema vitamini zote ziko humo, na ukiyachemsha ukanywa yanakata mafuta mwilini. Halafu ndimu na machungwa ya kwetu ni ya kijani, mapishi yanaonyesha ya njano. Na mama yangu, anayependa sana keki zangu, anatumia dawa za presha. Nifanye nini?"*

Dada yangu, pole kwa zile chupa mbili. Kurudishiwa kitu ulichokitengeneza kwa mikono yako kunauma, tena na mteja ambaye kesho mtakutana dukani. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, mkono wako hauna kosa. Keki chungu, keki isiyonukia na juisi iliyogeuka jioni zinatokana na jambo moja ambalo mapishi mengi hayalisemi: yanakuambia uweke ganda, hayakuambii sehemu gani ya ganda, wala kitu unachokitafuta humo ni kitu cha namna gani.

Kabla sijaendelea, naomba uchukue chungwa moja na kisu kikali. Kata kipande cha ganda, ukigeuze ukitazame kwa upembeni kwenye mwanga. Utaona tabaka mbili. Ya juu ni nyembamba, ina rangi, na ukiitazama vizuri ina vidoa vidogo vingi kama matundu ya sindano. Hivyo vidoa ni vifuko vya mafuta. Chini yake kuna tabaka nene, nyeupe, laini kama sponji. Nitaiita ile ya kwanza ngozi ya juu, na ya pili nitaiita weupe. Harufu yote unayoitaka iko kwenye ngozi ya juu. Weupe hauna harufu ya maana, na humo ndimo ulimojaa uchungu.

Sasa washa mshumaa, mbali na pazia na mbali na watoto. Shika kile kipande, upande wa rangi uelekee mwali, ukibinye ghafla katikati ya vidole. Utaona cheche zikiruka. Kilichowaka pale ni mafuta yaliyotoka kwenye vile vifuko. Huwa nawafanyia hivi watu ninaowafundisha kupika, kwa sababu mtu akishaziona zile cheche haambiwi tena kwamba ngozi ya limau ni mafuta. Na ukishakubali kwamba unashughulika na mafuta, tena mafuta yanayoruka hewani upesi, maswali yako mengi yanajijibu.

Mafuta hayachanganyiki na maji. Ngozi ikitupwa kwenye maji matupu, harufu inaelea juu au inapaa. Mafuta hupenda mafuta mwenzake: siagi, tui la nazi, krimu, kiini cha yai. Hushikwa pia na sukari, kwa sababu punje za sukari zinakwaruza vile vifuko na kufyonza kilichomo. Na mafuta haya ni mepesi. Sehemu yake kubwa ni kitu kinachoitwa limonene, ambacho kwenye mafuta ya chungwa kinazidi asilimia 90. Limau lina kiasi kidogo zaidi cha hicho, ila lina sitrali, ambayo ndiyo inayolipatia limau ile harufu kali safi. Sitrali hiyohiyo imejaa kwenye mchaichai, ndiyo maana ukiponda jani la mchaichai pua inakumbuka limau. Vyote hivi vikikutana na mvuke wa maji vinaondoka nao. Jiko likinukia sana wakati ganda linachemka kwenye sufuria iliyo wazi, ujue harufu imekwisha kutoka kwenye chakula chako na sasa iko hewani.

Jambo jingine ambalo watu hulichanganya: ngozi ya juu haina uchachu wa kusema. Uchachu uko kwenye maji ya tunda. Ndiyo maana unaweza kuweka ngozi ya limau kwenye maziwa ya moto yasikatike, wakati matone machache ya maji yake yanayageuza mtindi. Ukitaka pudini ya maziwa au chai ya maziwa yenye harufu ya chungwa, njia ni ngozi peke yake.

Turudi kwenye keki yako ya kwanza. Ilikuwa chungu kwa sababu kikwaruzo kilipita ngozi ya juu kikaingia kwenye weupe. Mara nyingi chanzo ni mambo mawili. Moja ni kikwaruzo chenyewe: wengi tunatumia kile cha karoti, upande wa matundu makubwa, na kwa meno yale huwezi kuchukua ngozi peke yake. Tumia upande wenye matundu madogo kabisa, au kama unaweza, nunua kile kirefu chembamba chenye meno madogo kama tupa. Jambo la pili ni mkono. Tunakwaruza limau kama tunavyokwaruza karoti, mbele na nyuma palepale. Limau linataka mpito mmoja tu kila mahali, mkono mwepesi, kisha unalizungusha. Mahali pakishageuka kutoka rangi kuwa meupe, hamia pengine. Ukibakiza vipande vya rangi hapa na pale, viache. Kuvifuata ndiko kunakoleta uchungu.

Kwaruza tunda likiwa zima, kabla hujalikamua, maana likishakamuliwa linalegea na kikwaruzo kinakamata weupe. Na fanya hivyo juu ya bakuli la sukari, usifanyie juu ya ubao. Kila unapopitisha, matone ya mafuta yanaruka. Ubao ukinukia, keki imepunjwa.

Malimau yetu mengi ya kienyeji yana ngozi ya vinundu. Kikwaruzo kinachukua vichwa vya vinundu kikiacha mabonde. Kwa hayo chukua kimenyeo au kisu chembamba, menya vipande vyembamba vya ngozi, kisha vilaze kichwa chini. Ukiona weupe umeshikana, laza kisu na uukwangue utoke. Halafu katakata laini kabisa. Inachukua muda, lakini inafaa. Ndimu nayo ina ngozi nyembamba mno, kwa hiyo weupe uko karibu. Mpito uwe mwepesi zaidi kuliko wa limau, na usitegemee kupata zaidi ya kijiko kimoja cha chai kwa ndimu moja. Limau kubwa hutoa karibu kijiko kimoja cha chakula.

Keki ya pili haikunukia kwa sababu uliogopa, na pengine kwa sababu uliiweka ngozi mwishoni, pamoja na unga au maziwa. Keki ya robo kilo ya unga inataka ngozi ya malimau mawili makubwa. Ikiwa ni ngozi ya juu tupu, kiasi hicho hakitaleta uchungu. Anza na sukari. Kwaruza malimau moja kwa moja juu ya sukari yote ya keki, kisha ingiza vidole uisugue sukari na ngozi pamoja, kama unavyosugua siagi kwenye unga wa visheti. Endelea dakika mbili au tatu. Sukari itaanza kubadilika mkononi: itakuwa na unyevu kidogo, itashikana kama mchanga wa ufukweni maji yakishatoka, na itageuka rangi ya njano hafifu. Hapo harufu imehamia kwenye sukari. Ndipo uongeze siagi uchanganye mpaka iwe laini, na siagi itayashika yale mafuta. Ndani ya keki joto halipandi sana juu ya nyuzi 100 wakati wa kuoka kwa sababu ya maji yaliyomo, lakini mvuke unatoka, na harufu isiyoshikwa na mafuta inatoka nao. Keki ya siagi nyingi hutunza harufu ya limau kuliko keki ya sponji isiyo na mafuta.

Ukitaka na uchachu, usiongeze ngozi. Chukua maji ya yale malimau mawili, changanya na sukari kidogo, na uimwagie keki ikiwa bado ya moto baada ya kuitoboatoboa kwa kijiti. Arki ya limau ya dukani mimi huiacha rafuni. Nyingi ya zile chupa ndogo zina harufu ya aina moja tu, na ukizoea ngozi yenyewe utaisikia tofauti tangu unapofungua mlango wa oveni.

Juisi ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu hapo kuna hadithi nzuri ya kikemia na kuna biashara yako. Ndani ya weupe, kwenye kuta za vipande vya tunda na kwenye mbegu, kuna kitu ambacho tunda likiwa zima hakina uchungu kabisa. Unapolisaga, kitu hicho kinakutana na uchachu wa maji ya tunda, na kidogokidogo, saa baada ya saa, kinageuka kuwa limonini, ambayo ni chungu sana. Jina linakaribiana na limonene ya harufu, lakini ni vitu viwili tofauti. Limonini inatosha miligramu chache tu katika lita nzima ya juisi ulimi ukaitambua. Ndiyo maana asubuhi ulionja ukafurahi, na mteja aliyekunywa jioni akakunja uso. Ninyi wawili mlikunywa vitu viwili tofauti kutoka kwenye chupa moja. Kuichemsha juisi ya namna hiyo ili ikae kunaharakisha mabadiliko hayo. Kuongeza sukari kunaufunika uchungu kwa muda, hakuuondoi.

Huenda unajiuliza mbona muuza juisi ya miwa anapitisha ndimu nzima na ngozi yake kwenye mashine na juisi haiwi chungu. Simama siku moja umtazame. Pale Forodhani, Unguja, nimesimama jioni nyingi kutazama: anakunja muwa uliokwisha kupita mara moja, anaingiza ndimu na kipande cha tangawizi katikati ya mkunjo, anaupitisha tena. Zile rola zinabinya ngozi ya ndimu mpaka vifuko vinapasuka, na mafuta yanashuka pamoja na utomvu wenye sukari nyingi. Weupe na mbegu vinabaki vimebanwa kwenye makapi, havisagwi. Na glasi inanywewa palepale, ukiwa umesimama. Uchungu haupati nafasi. Wabrazili nao wana juisi ya ndimu wanayoisaga na ngozi yake, lakini wanaizungusha kwenye blenda sekunde chache, wanaichuja na kuinywa mara moja. Anayeuza kwa chupa hana njia hiyo.

Njia yako ni kutenganisha. Kwa takriban lita mbili za juisi, chukua ndimu 12 zilizooshwa vizuri. Kwaruza ngozi ya ndimu nne tu, juu ya gramu 250 za sukari. Sugua kama nilivyoeleza, funika bakuli, liache saa mbili au tatu. Ukirudi utakuta sukari imeloa kama asali iliyoganda, na harufu itakupokea kabla hujafunua vizuri. Kamua ndimu zote 12 kwa mkono, toa mbegu, mimina maji yake juu ya ile sukari na ukoroge mpaka iyeyuke. Chuja kwa chujio laini usibakize chembe za ngozi, ongeza lita moja na nusu ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Basi. Blenda ipumzike.

Hata hivyo nikuambie ukweli wote: sitrali haidumu ndani ya maji machachu. Juisi ya ndimu ikikaa siku mbili, hata kama haina weupe hata chembe, ile harufu safi inafifia na inaanza kunukia kama kitu kilichochakaa. Kwa hiyo usitengeneze juisi ya wiki. Tengeneza ile sukari yenye ngozi, iweke kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko ndani ya friji, itakaa siku tano hadi saba bila taabu. Asubuhi ya kuuza ndipo ukamue ndimu na uchanganye. Duara jembamba la mafuta likionekana juu ya chupa, ni kawaida, mwambie mteja atikise.

Usikomee kwenye keki na juisi. Mchuzi wa samaki wa nazi ukishaiva, zima moto, ndipo ukwaruze ngozi ya ndimu moja juu ya tui zito, ukoroge na kufunika dakika mbili. Tui lina mafuta ya kutosha kuishika harufu yote, na haina mahali pa kwenda. Kwenye shira ya kaimati, weka kipande kirefu cha ngozi ya chungwa shira ikishaepuliwa, pamoja na iliki. Kwenye chai ya rangi, fanya hivyohivyo: epua, tia kipande, funika. Watu wa pwani tumekula ganda la ndimu miaka yote kwenye achari, na humo tunakula weupe pia, lakini chumvi na siku nyingi za jua zimekwisha kuulainisha na kuupunguza uchungu. Ndugu zetu wa Oman na Ghuba wana njia yao: wanachemsha ndimu kwenye maji ya chumvi, wanazikausha mpaka zinageuka kahawia au nyeusi, nyepesi kama maganda matupu, na kuzitia kwenye mchuzi, wali na chai. Hiyo ni ladha nyingine kabisa, nzito, yenye harufu kama ya moshi. Usiitumie mahali mapishi yanapotaka ngozi mbichi.

Kuhusu rangi ya kijani, usisumbuke. Chungwa la Muheza linaweza kuwa limeiva na tamu kama sukari huku ngozi yake bado ni ya kijani. Machungwa hugeuka rangi ya dhahabu pale usiku unapokuwa na baridi, maana baridi ndiyo inayovunja ule ukijani. Kwenye joto letu la usiku na mchana ukijani unabaki. Mafuta yamo palepale. Ndimu nayo ni ya kijani inapochumwa, na ikikaa mtini mpaka iive sana inageuka njano, ngozi ikiwa nyembamba zaidi. Mapishi yanayoonyesha limau la njano yanazungumzia tunda jingine, lile kubwa, na ukiweka ndimu mahali pake utapata harufu nyingine, nzuri pia, ila punguza kiasi. Angalia uzito na ung'avu wa ngozi kuliko rangi. Ngozi iliyokauka na kusinyaa imekwisha kupoteza mafuta yake. Mimi huikwaruza kidogo kwa ukucha pale sokoni na kunusa, kwa idhini ya muuzaji.

Shangazi yako ana hoja, na sitaki uipuuze. Matunda ya jamii hii yanaweza kupuliziwa dawa shambani, na yale yanayosafiri mbali mara nyingi hupakwa nta baada ya kuvunwa, ikiwa imechanganywa na dawa za kuzuia ukungu kama imazalili na thiabendazoli. Dawa hizo hukaa zaidi kwenye ganda. Yale machungwa yanayong'aa kama yamepigwa rangi ya viatu, yanayoletwa kutoka nje kwenye maduka makubwa, kwa kawaida yamepakwa. Ya mkulima mdogo anayeleta kwa gunia kwa kawaida hayana nta, ingawa hilo halina maana kwamba hayakupuliziwa. Kwa ngozi unayokusudia kula, nunua kwa mtu unayeweza kumuuliza. Osha kwa maji ya uvuguvugu yanayotiririka huku ukisugua kwa brashi, kila tunda kwa nusu dakika hivi. Lenye nta limwagie maji ya moto sekunde chache kwanza ili nta ilegee, kisha sugua, suuza, na ukaushe kwa kitambaa. Kuosha kunapunguza, hakumalizi, kwa sababu sehemu ya dawa huingia ndani ya ganda. Lakini kumbuka kiasi: mlaji wa kipande kimoja cha keki anapata gramu moja hivi ya ngozi. Kwa kiasi hicho, na kwa tunda lililooshwa vizuri, mimi mwenyewe nawapikia wanangu bila wasiwasi. Kwa tunda la kung'aa lisilojulikana limetoka wapi, natumia maji yake tu na ganda nalitupa.

Jirani yako naye amesema nusu ya kweli. Ni kweli ganda lina vitamini C nyingi kwa uzito wake: gramu 100 za ganda la limau zina miligramu 129 hivi. Lakini nani anakula gramu 100? Kijiko cha chakula ni gramu 6, kwa hiyo ni karibu miligramu 8, na keki nzima inagawanywa kwa watu wengi baada ya kupita kwenye oveni. Chungwa moja la kula lina karibu miligramu 70. Kama ni vitamini, kula chungwa. Na hakuna ganda linalokata mafuta ya mwilini. Maji ya maganda yaliyochemshwa muda mrefu ni maji machungu ambayo harufu yake imeishia jikoni, na kama ganda lina mabaki ya dawa, anayechemsha maganda mengi kila siku ndiye anayejipatia kiasi kikubwa. Sipendi pia kusikia mtu wa presha au kisukari akiyafanya mbadala wa dawa zake.

Hapo ndipo nifike kwa mama. Keki yenye ngozi ya limau au ya chungwa tamu la kawaida mpe kwa amani. Tunda la kuogopa ni balungi, na nyuma yake danzi, lile chungwa chungu. Hayo mawili yana kemikali zinazozuia kimeng'enya cha kwenye utumbo kinachopunguza nguvu ya baadhi ya dawa kabla hazijaingia kwenye damu. Kimeng'enya kikizuiwa, dawa inaingia nyingi kuliko alivyokusudia daktari. Miongoni mwa dawa hizo kuna nifedipini ya presha na simvastatini ya kupunguza lehemu. Athari hiyo hudumu zaidi ya siku moja, kwa hiyo kutenganisha saa za dawa na za tunda hakusaidii. Jamu ya danzi, ambayo ina ganda jingi, nayo imo. Ndimu ina kemikali za jamii hiyo pia kwenye ngozi yake. Chembe za kwenye mchuzi au keki ni kidogo, lakini kunywa kila siku maji ya maganda ya ndimu ni jambo tofauti, na kwa mama nisingelishauri. Chukua pakiti zake zote za dawa, nenda nazo kwa mfamasia au kliniki anakohudhuria, uliza moja kwa moja: hizi na balungi, danzi na ndimu zinapatana? Ni swali la dakika tano. Mama asiache dawa wala asipunguze kwa sababu ya niliyoandika hapa.

Kuna hatari moja ambayo hukuiuliza, na kwa kazi yako naona lazima niiseme. Kemikali hizohizo za ngozi ya ndimu zikibaki kwenye mikono, kisha jua likapiga, zinaunguza. Mtu anakamua ndimu mia asubuhi, anajifuta kwa kitambaa, anakwenda kuuza juani. Siku ya pili mikono ni myekundu, inawaka, pengine ina malengelenge, na baadaye yanabaki mabaka meusi kwa wiki au miezi. Nimeona binti aliyedhani amepata maambukizi ya ngozi, kumbe ni ndimu na jua. Vaa glavu, au osha kwa sabuni mpaka juu ya viganja kabla hujatoka nje, na usimpake mtoto maji ya ndimu kisha ukamwacha acheze juani. Malengelenge yakiwa mapana, yakiwa usoni, au yakiwa kwa mtoto, nenda kituo cha afya yatazamwe, usiyapasue. Na mtu yeyote akila kitu chenye ganda la limau akavimba midomo au koo likabana, hilo ni la kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Mwisho ni kuhifadhi. Ngozi iliyokwaruzwa ikikaa wazi inapigwa na hewa, na baada ya siku chache inaanza kunukia kama tapentaini. Ukipata malimau mengi kwa bei nzuri, kwaruza yote, funga ngozi kwenye kichupa kidogo cha kioo kilichojaa mpaka juu, weka kwenye friza, itakaa miezi na utachota ikiwa imeganda vilevile. Usiiweke kwenye vile vyombo vyeupe vyepesi vya chakula cha kubeba, maana mafuta haya yanaviyeyusha. Na yale malimau yaliyobaki uchi usiyarudishe kwenye kapu la sokoni: bila ngozi yake limau linakauka na kuwa gumu kama mbao ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo yakamue siku hiyohiyo, maji yake uyagandishe kwenye kitreyi cha barafu, na asubuhi ya juisi utayakuta tayari.